Mzee Kiziwi Haombi Hisani, Anadai Mkalimani

Katika nyumba moja ya wazee ambayo sitaitaja, maana kosa lililotendeka humo si lake peke yake, yupo mzee ambaye daftari la wakazi linamtambua kwa jina la Bubu wa Stesheni. Aliletwa na askari waliomkuta amelala katika stesheni ya reli, hana barua, hana jamaa, na kila alipoulizwa jina lake alijibu kwa mikono. Hakuna aliyeweza kuisoma mikono hiyo. Karani wa siku ile, kwa kuwa fomu haikuruhusu nafasi ya jina kubaki tupu, aliandika alichokiona. Hiyo ilikuwa miaka sita kabla ya mimi kufika pale na kalamu yangu. Kwa miaka yote sita mzee huyo alilishwa, alivishwa na kutandikiwa kitanda, na hakuna binadamu hata mmoja aliyezungumza naye.

Sina budi kuwatendea haki wafanyakazi wa nyumba ile. Si watu wakatili. Wachache wao wanahudumia wazee wengi kwa mshahara ambao kila mtumishi anayesoma ukurasa huu anaufahamu bila kutajiwa. Wanaamka usiku kugeuza wagonjwa, wanafua mashuka, na mwezi wa fedha zinapochelewa huingia mifukoni mwao kununua sabuni. Walipoulizwa kuhusu mzee yule walijibu kwa nia njema kabisa: "Huyu hana matatizo, tunaelewana naye." Nataka tuliangalie neno hilo, tunaelewana, kwa sababu humo ndimo ulimojificha uonevu wote nitakaoueleza.

Katika mwaka wake wa nne pale, macho ya mzee yalianza kuingia ukungu. Mganga alipima akakuta mtoto wa jicho, maradhi ya kawaida ya uzeeni ambayo dawa yake ni upasuaji mfupi unaofahamika vizuri katika hospitali zetu. Mzee akapakiwa kwenye gari. Fomu ya kukubali upasuaji ikaletwa, dole gumba lake likashikwa, likachovywa katika wino, likabandikwa. Akalazwa, jicho moja likapasuliwa, likafungwa bandeji. Mtu anayesikia huambiwa kwamba bandeji itaondolewa kesho asubuhi, asiiguse. Mzee huyu hakuambiwa lolote. Alichokijua ni kwamba watu wamemshika, wamemchoma sindano, na alipozinduka upande mmoja wa dunia ulikuwa umezimika.

Msomaji mwenye masikio mawili mazima huenda asiitambue mara moja hofu hiyo. Kwa kiziwi jicho ni sikio lake pia. Kwa jicho huona gari linalokuja barabarani, kwa jicho hupokea salamu, na kwa jicho husoma maneno ya mwenzake. Mzee akaing'oa bandeji usiku ule ule. Wauguzi wakamshika, akapigana nao. Wakamfunga mikono kitandani, yaani wakamfunga na ulimi. Jicho likaingia uchafu, likaoza, likapotea. Katika jalada lake nimeyasoma maneno mawili yaliyoandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma: "Mkorofi. Amechanganyikiwa."

Mwaka jana alifika pale fundi cherehani, kijana kiziwi, kuleta mashuka aliyokuwa amepewa kuyapinda. Nilikuwapo siku hiyo kwa shughuli nyingine kabisa. Fundi alimwona mzee chini ya mwembe, akamsogelea, akainama na kumgusa goti kwa heshima kama kijana anavyomwamkia babu yake. Mzee akashtuka. Kisha mikono yake ikaanza kwenda. Wasidhani wasomaji kwamba walielewana papo hapo. Fundi alijifunza Lugha ya Alama ya Tanzania shuleni. Mzee hakupata kukanyaga shule, na alama zake ni zile walizozitunga yeye na ndugu zake nyumbani kwao, miaka sitini au sabini iliyopita. Wakarudi nyuma, wakaanza mwanzo. Walichora mchangani, walipanga vijiti, waliigiza kwa uso na mabega, walionyeshana ng'ombe, mto, daraja, treni, mkonge unaokatwa. Ilipita saa nzima na zaidi. Ndipo fundi aliponiomba daftari langu na kuandika kwa Kiswahili safi: "Anauliza kwa nini mlimtoa jicho."

Mfawidhi wa nyumba alisimama pembeni yangu. Alilisoma swali lile mara mbili, kisha akaenda zake ofisini bila kusema neno.

Siku hiyo tulijifunza mengine. Mzee ana dada, au alikuwa naye, mahali penye daraja la reli na kanisa lenye mnara. Nyumbani kwao waliita jina lake kwa kupitisha kidole gumba juu ya unyusi, pale alipo na kovu la utotoni. Hilo ndilo jina lake, na limekuwa jina lake maisha yote. Fomu zetu hazina nafasi ya kuliandika. Na tulijifunza kwamba hakuchanganyikiwa hata kidogo. Alikuwa mtu mwenye akili timamu aliyetendewa jambo la kutisha na watu wasiomweleza sababu, akajitetea kama ambavyo ningejitetea mimi na wewe.

Sasa tuseme kwa uwazi. Yapo makazi kumi na kadhaa ya wazee yanayoendeshwa na Serikali katika nchi yetu, kuanzia Nunge pale Kigamboni hadi Kolandoto huko Shinyanga. Kule Visiwani yapo ya Sebleni na Welezo, na yapo mengi ya mashirika ya dini. Humo wamo wazee wasiokuwa na mtu. Taifa limewachukua kwa sababu ya msimamo wa siku nyingi: Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipokataza mtu mzima mwenye nguvu kuishi kwa jasho la mwenzake, liliwatoa katika katazo hilo watoto, wazee na wasiojiweza, likawaweka katika dhamana ya jamii nzima. Hakuna anayelipinga jambo hilo. Ubishi unaanza pale tunapouliza dhamana hiyo ina nini ndani yake. Wengi wetu tumeifanya dhamana ya uji, blanketi na dawa. Mzizi wa kasumba hii ni kumwona mzee kuwa ni mwili unaotunzwa. Mwili hauhitaji mkalimani. Anayemhitaji ni raia.

Na kwamba mzee huyu ni raia, sheria zetu zimekwisha kusema. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa maoni, haki ya kupokea na kutoa habari, na uhuru wa kufanya mawasiliano. Haikuandikwa kwamba ni kila mtu anayesikia. Mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwezi Desemba 2006. Mkataba huo unaihesabu lugha ya alama kuwa lugha sawa na lugha za kusema. Katika ibara yake ya 9 unawataja wakalimani wa lugha ya alama kuwa sehemu ya kuwafungulia watu milango ya huduma, na katika ibara ya 25 unataka matibabu yatolewe kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa. Bunge letu likafuatia na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, ambayo nayo inagusa haki ya habari na mawasiliano. Kwa hiyo dole gumba lililobandikwa kwa kushikwa mkono si ridhaa. Ni wino juu ya karatasi, na aliyelishika dole hilo anajua.

Hapa ndipo husimama mtumishi mwenzangu, mtu mwema, akaniambia: "Ndugu, haya yote ni kweli, lakini fedha hazipo." Nimeisikia hoja hii mara nyingi hata naweza kuisema usingizini. Naijibu hivi. Katika mwaka wa fedha huo huo ambao fedha hazikuwapo, watumishi wa ngazi mbalimbali walikaa katika semina za kujadili huduma kwa makundi maalumu, wakanywa chai, wakasaini daftari la posho, wakapewa na mikoba yenye maandishi. Sisemi semina ni haramu. Nimehudhuria mimi mwenyewe na nimesaini. Nasema kwamba nauli ya fundi cherehani kiziwi kwenda na kurudi, pamoja na ujira wake wa siku nzima, haifikii posho ya kikao cha mtu mmoja kwa siku hiyo hiyo. Tukisema fedha hazipo, tumekusudia kusema kwamba hazipo kwa ajili ya huyu.

Tena tuhesabu gharama ya upande wa pili, ambayo wahasibu wetu hawaiandiki. Jicho lililopotea lilikwisha kulipiwa: kitanda, dawa, mganga, mafuta ya gari. Siku za kuuguza kidonda zililipiwa. Mzee aliyekuwa akijikokota mwenyewe hadi bafuni sasa anashikwa mkono, na anayemshika analipwa mshahara. Yote hayo yangeokolewa na mtu mmoja wa kumwambia mzee, kwa mikono, kwamba kitambaa hiki kitatolewa jua likichomoza.

Hoja ya pili ni kwamba wazee wa namna hii ni wachache. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 2 na nusu, na tangu hapo wameongezeka. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba miongoni mwa watu wa umri huo duniani zaidi ya robo wana upungufu wa kusikia unaowatatiza katika maisha. Kwa hiyo mzee anayesikia vizuri hadi mwisho wa siku zake hawezi kufanywa kipimo cha kuwapangia wengine huduma. Ila tusichanganye mambo, maana kuyachanganya ndiko kunakoleta suluhisho la ovyo. Mzee aliyepoteza usikivu akiwa na miaka 65 hajui lugha ya alama na pengine hataijifunza tena. Huyo anataka ukae mbele yake kwenye mwanga, asome midomo yako, useme taratibu bila kupiga kelele, umwandikie ikiwa anajua kusoma, na apatiwe kifaa cha masikio chenye betri inayofanya kazi. Nimeona kifaa kizuri cha msaada kutoka nje kimetundikwa ukutani kama picha kwa kukosa betri. Mwingine ni kiziwi wa tangu utotoni aliyepata shule, naye anataka mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania. Wa tatu ni huyu wa chini ya mwembe, na kwake hata mkalimani mwenye cheti hatoshi.

Kwa nini hatoshi? Walimu wanaosoma makala hii watalielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Shule ya kwanza ya viziwi katika nchi yetu ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, na ile ya Buguruni mwaka 1974. Piga hesabu. Mzee wa miaka 75 leo alikuwa tayari mtoto mkubwa shule ya Tabora ilipofungua milango yake kwa watoto wachache, na wazazi wengi vijijini hawakusikia hata kwamba ipo. Waliobahatika kuingia walikuta walimu wakifuata mtindo wa siku zile, wa kulazimisha midomo na kuidharau mikono. Lugha ya Alama ya Tanzania kama tunavyoifahamu leo ilikua baadaye, mabwenini na katika mikutano ya viziwi wenyewe, hasa baada ya kuundwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, katika miaka ya 1980. Kizazi cha wazee wetu viziwi kiliachwa nyuma ya mambo hayo yote. Alama zao ni mali ya ukoo, ya kijiji, pengine ya ndugu wawili tu. Mkalimani anayesikia, aliyejifunza alama darasani, akiketi mbele ya mzee huyo atatoa ishara zake zote na mzee atamwangalia kama anavyoiangalia televisheni, ambayo ina mkalimani kwenye kona ya taarifa ya habari na haimwambii kitu.

Mtu wa kuvuka pengo hilo ni kiziwi mwingine. Mtu aliyekulia katika dunia ya macho ana ustadi ambao hatufundishwi vyuoni: wa kutafuta maana katika uso na bega, wa kujaribu njia kumi, wa kutochoka. Katika nchi kadhaa kazi hii inatambuliwa na kulipwa. Kiziwi husimama kati ya mzee na mkalimani anayesikia, huyu akageuza alama za nyumbani kuwa lugha ya alama, na yule akageuza lugha ya alama kuwa maneno ya kusemwa. Sisi tunao watu hao. Wako katika karakana za seremala, katika vyerehani na masokoni, katika kila mkoa. Tumewazoea kama watu wa kusaidiwa, na haikutupitia akilini kwamba wao ndio wataalamu tunaowatafuta.

Lipo kundi jingine ambalo kulitaja kutawaudhi baadhi ya wenzangu. Kiswahili kimetujenga kuwa taifa, nami ni mtoto wa Kiswahili. Lakini wamo katika makazi yetu wazee waliochukuliwa wakiwa vijana kwenda mashamba ya mkonge, Waha wa Kigoma, Wamakonde wa ng'ambo ya Ruvuma na wengineo, walioandikishwa na ile ofisi ya wakoloni ya SILABU, iliyoanzishwa mwaka 1944 kuwakusanyia makabaila wa mkonge nguvu za watu. Aliyepandishwa treni mwishoni mwa miaka ya 1950 sasa anakaribia miaka 90. Kiswahili alikiokota kambini, ukubwani. Na mtu akizeeka, maradhi ya usahaulifu yakimwingia, lugha aliyoipata ukubwani ndiyo mara nyingi hutangulia kumponyoka, akabaki na ile ya mama yake. Usiku anaita maji kwa Kiha, na mhudumu kutoka Pwani anaandika kwamba mzee anapayuka. Kuna aibu gani kwa taifa lenye lugha moja kumtafutia mzee huyo mtu wa kwao akae naye saa moja kila Jumapili? Umoja wetu hautabomolewa na Kiha cha kuomba maji.

Niirudie sasa hoja ya tatu, ile ya kwamba tunaelewana naye. Kumwonyesha mtu sahani, akaja kula, ni kuelewana kwa namna ambayo hata mbuzi huelewana na mchungaji wake. Mzee aliyekaa miaka sita hakuwahi kuuliza ana ugonjwa gani, hakuwahi kusema ndoto yake, hakuwahi kueleza kama anataka kuzikwa kwao au hapo. Na, jambo zito zaidi, hakuwahi kulalamika. Je, hakuwa na la kulalamikia? Wakaguzi hufika kwenye makazi, huuliza wazee kama wanatendewa vyema, na anayewageuzia maneno ni mhudumu yule yule ambaye huenda ndiye anayelalamikiwa. Hata mahakama ya mwanzo haimpi mshtakiwa kazi ya kumtafsiria shahidi. Mkalimani wa mzee ni lazima awe mtu wa nje ya mamlaka ya nyumba, aliyeapa kutunza siri, na anayemjibu mzee kwanza.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya nchi tajiri. Tuitazame basi nchi tajiri. Marekani ina Sheria ya mwaka 1987 inayompa mkazi wa nyumba ya wazee haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoielewa, na Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990 inayoilazimu nyumba kumleta mkalimani kwa gharama yake yenyewe, bila kumdai mgonjwa senti moja. Kanuni zake zinakataza kumtumia mtoto kuwa mkalimani isipokuwa kwa dharura. Pamoja na sheria zote hizo, Wizara ya Sheria ya huko imelazimika mara kwa mara kuzibana nyumba za wazee zilizowanyima viziwi wakalimani. Sababu yake haihitaji darubini. Nyumba nyingi za wazee huko ni biashara, zimewekwa ili zimletee mwenye hisa faida, na saa ya mkalimani ni saa inayopunguza faida. Wengine huweka mashine ya picha ukutani iunganishwe na mkalimani wa mbali, picha ikakwama-kwama, mzee akabaki anatazama mkono ulioganda hewani. Makazi yetu ya Serikali hayana mwenye hisa. Kisingizio cha bepari hatunacho, na matokeo ni yale yale. Hilo linatupasa kuona haya zaidi yao.

Na si nchi tajiri tu. Uganda iliitaja lugha ya alama katika Katiba yake ya mwaka 1995. Kenya, katika Katiba ya mwaka 2010, iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu za Bunge lake, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Wapo watakaosema kwamba maandishi si utekelezaji, na hakika mzee kiziwi wa Busia huenda hana raha kumshinda wa Tabora. Lakini anayedai akiwa na ibara mkononi hudai akiwa amesimama. Huko Uholanzi, katika mji wa Ede, ipo nyumba ya De Gelderhorst iliyowekwa mahususi kwa wazee viziwi, ambamo lugha ya nyumba nzima ni ya mikono. Sidai tujenge kama hiyo kesho. Nadai tuache kumweka mzee kiziwi peke yake kati ya watu arobaini wanaosikia, huku wa pili akiwekwa peke yake katika mkoa jirani. Kuwaweka wawili katika nyumba moja hakugharimu isipokuwa safari moja ya gari na barua moja.

Hata huko hospitali, dirisha la wazee tunalojivunia, na tuna haki ya kujivunia, bado linaendeshwa kwa sauti. Nesi anatokeza kichwa, anaita jina, anangoja kidogo, anaita la pili. Kiziwi aliyekuja alfajiri anakaa benchi hadi jioni, kwa sababu jina lake lilipita hewani saa tatu asubuhi. Namba iliyoandikwa ubaoni kwa chaki ingemaliza kazi. Chaki! Walimu wanajua bei yake.

Ninachodai kwa makazi ni kitu cha kuandikwa katika bajeti kwa jina lake: kifungu cha mkalimani, kama kilivyo kifungu cha dawa na cha kuni, ili mfawidhi asilazimike kuomba kila mara kama anaomba sadaka. Upasuaji, isipokuwa wa kuokoa maisha, usifanywe mpaka mzee aelezwe na mtu anayemwelewa, na jina la mtu huyo liandikwe kwenye fomu kando ya dole gumba. Kila mzee kiziwi anayepokelewa awe na daftari lake la alama: anavyosema maji, maumivu, choo, hapana, nyumbani, lichorwe kwa kalamu hata vibaya, litundikwe kitandani, ili mhudumu wa zamu ya usiku asianze upya. Walimu wa elimu maalumu, wakiwamo waliopitia Patandi, waje kuwafundisha wahudumu mambo ya mwanzo. Nawaomba jambo moja tu: wasiwalete wanafunzi wao kugeuza maneno ya mganga. Mtoto wa miaka kumi na mbili hapasi kumwambia babu kwamba ana saratani.

Na lile jina, bubu, lifutwe katika madaftari yote ya Serikali. Viziwi wenyewe hawalitaki, na kila aliyemwona mzee yule akizungumza chini ya mwembe anajua kwamba ni uongo.

Kuhusu jicho lake lililobaki, nalo limeanza kuingia ukungu. Fundi alikwenda tena kwa nauli yake mwenyewe, akakaa naye mchana kutwa, akamweleza upasuaji hatua kwa hatua, akijifunga kitambaa usoni na kukifungua. Mzee alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akakubali, kwa sharti moja: fundi awepo anapolala, na awe mtu wa kwanza kumwona bandeji itakapofunguliwa. Mfawidhi, ambaye tangu siku ile ya mwembe amekuwa mtu mwingine, aliandika barua kuomba nauli na ujira wa siku tatu. Nilipopiga simu wiki iliyopita, tarehe ya upasuaji ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara moja, na barua ilikuwa imerudi kutoka juu na swali pembeni kwa wino mwekundu: fundi cherehani alipwe kutoka kifungu kipi?